Bafu la Mama: Hesabu Inaanzia Chini ya Marumaru

Makisio ya kwanza ya fundi yalikuwa shilingi 1,850,000. Aliyaandika akiwa amesimama koridoni, kwa kalamu yangu aliyoiazima, na kila alichoandika kilikuwa sahihi: choo cha kukaa na kasha lake, sinki, marumaru za sakafu na ukuta, saruji, mchanga, bomba, koki, ufundi. Tatizo lilikuwa yale ambayo hakuyaandika. Kazi ilipokwisha, daftari langu lilisoma shilingi 3,440,000, na bado tulikuwa ndani ya bajeti, kwa sababu bajeti yetu hatukuijenga juu ya ile karatasi. Nataka nieleze tulivyoijenga, maana nimeona familia nyingi zinakwama katikati: choo kimeng'olewa, sakafu imefukuliwa, hela imekata, na watu wazima wanakwenda kuoga kwa jirani na taulo begani hadi mshahara utoke.

Nyumba ni ya wazazi, iko Tabata, Dar es Salaam. Marehemu baba aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1980, kidogo kidogo, kila mshahara na matofali yake. Choo na bafu viko chumba kimoja cha mita 1.8 kwa 2.4: choo cha kuchuchumaa, sakafu ya saruji iliyopigwa niru ikang'aa, na bomba za chuma ndani ya ukuta. Mama ana miaka sabini na kitu, na magoti yake yamechoka. Alikuwa ameanza kujinyima maji ya kunywa jioni ili usiku asilazimike kuamka kwenda kuchuchumaa. Mimi ninayeishi naye hakuniambia, alimwambia mdogo wangu. Tulipolisikia kwenye kikao cha ndugu, hakuna aliyeuliza tena kama bafu litengenezwe au lingoje. Kilichobaki kilikuwa hela. Mimi zamu yangu ya kupokea mchezo (upatu) wa kazini ilikuwa imekaribia, dada yangu wa Dodoma akatoa fungu lake, kaka akasema mlango na umeme ni vyake. Tukajumlisha, ikafika 3,500,000. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na uwezo.

Kesho yake nilimwita fundi tena, nikamkaribisha chai, nikamwomba tuipitie kazi yote kwa mdomo, kuanzia nyundo ya kwanza mpaka Mama anaingia kuoga. Nani anavunja sakafu ya zamani? Vibarua. Wanalipwa na nani? Na wewe, dada. Kifusi kinakwenda wapi? Kirikuu itakuja kukibeba. Mzigo wa dukani unafikaje hapa? Guta, au kirikuu hiyohiyo. Shower ya umeme inapata waya kutoka wapi? Aite fundi umeme. Mlango uliooza chini kwa maji, unabaki? Haufai kubaki. Maji yakipenya chini ya marumaru, yanazuiwa na nini yasinywe ukuta wa chumba cha Mama? Hapo alikaa kimya kidogo, kisha akasema kuna dawa ya kupaka, ila wateja wengi wakisikia bei yake wanaiacha.

Kila jibu niliandika na kiasi chake. Kuvunja na kutoa kifusi 190,000. Dawa ya kuzuia maji 120,000. Mlango 250,000. Shower ya umeme na waya wake, breka na ufundi, 260,000. Usafiri 100,000. Mishiko ya ukutani ya Mama, 120,000. Hapo tayari ni shilingi 1,040,000 ambazo hazikuwa kwenye makisio. Tukapandisha pia ubora wa bomba na koki kwa 210,000, jumla ikawa 3,100,000. Simlaumu fundi hata kidogo. Aliulizwa choo na marumaru vitagharimu kiasi gani, akajibu choo na marumaru. Swali la kumuuliza fundi, pamoja na bei, ni kipi hakimo ndani ya hiyo bei. Muulize hivyo hivyo, kisha nyamaza umwache afikiri.

Baada ya hapo niligawa daftari sehemu mbili. Upande mmoja niliandika vitu vinavyozikwa: bomba za maji safi, bomba za maji taka, trapu (tundu la sakafuni la kutolea maji), zege, mteremko wa sakafu, dawa ya kuzuia maji, waya ndani ya ukuta. Upande wa pili vinavyoning'inia au kukaa juu: sinki, koki, shower, kioo, kabati, pazia, hata choo chenyewe, maana choo kinafunguliwa na kubadilishwa kwa kazi ya asubuhi moja. Kilichozikwa ukitaka kukibadilisha unavunja marumaru, unalipa upya vibarua, kirikuu, saruji, fundi, na ni nadra kupata marumaru zinazofanana na zile za mwanzo. Kwa hiyo upande wa kwanza tulikubaliana hatupunguzi kitu. Hela ikipungua, tunakata upande wa pili. Kwenye kundi letu la WhatsApp la ndugu kulikuwa na picha za sinki za kioo na shower za mvua, nzuri kweli, na kaka alizipenda. Nilimjibu kwamba sinki hilo tunaweza kulinunua hata mwakani na ukuta usiguswe.

Mwishowe kuvunja, kuzika na ufundi wake, pamoja na kazi ya chemba ya maji taka nitakayoieleza, vilikula karibu nusu ya hela yote. Mgeni akiingia bafuni haoni hata kimoja.

Bomba za zamani ndizo zilizonithibitishia. Fundi alipendekeza njia ya bei nafuu: kuziacha bomba za chuma ndani ya ukuta na kuunga bomba mpya pale zinapotokeza. Nikamwomba akate kipande kimoja kabla hatujaamua. Alikata kwa msumeno, akakigonga sakafuni, ikamwagika kutu nyekundu kama unga wa pilipili. Bomba la nusu inchi lilikuwa limebaki na tundu ambalo ile kalamu yangu ilikwama kulipita. Kutu ilikuwa imeota ndani kwa ndani, ikachanganyika na chumvi. Huku kwetu maji ya DAWASA yakikata tunanunua ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Chuma na maji ya namna hiyo havikai pamoja. Bomba zote zikang'olewa.

Tuliweka PPR, zile za kuunganisha kwa kuyeyusha na mashine ya moto. Hazioti kutu. Angalia maandishi yaliyopigwa ubavuni: PN16 hutumika kwa maji ya baridi, PN20 ina kuta nene zaidi na ndiyo ya kuweka kwenye maji ya moto. Fundi wetu alitaka PN20 kote ili mabaki ya upande mmoja yatumike upande mwingine, na kwa bafu dogo tofauti ya bei haikuwa kubwa. Kabla ukuta haujafunikwa, mdomo wa kila bomba uliwekwa kizibo, bomba zikajazwa maji kwa pampu ya mkono yenye saa ya kupimia, zikaachwa usiku kucha. Asubuhi mshale ulikuwa palepale. Halafu nilipiga picha ukuta mzima kwa simu, futi kamba ikiwa imenyoshwa kando ya kila bomba, kutoka sakafuni na kutoka kona. Picha hizo ni za bure, na ndizo zilizotuongoza baadaye kutoboa ukuta wa mishiko bila kugonga bomba. Nimewatumia ndugu wote ili simu moja ikipotea zisipotee nazo.

Kwenye maji taka, shauku ya kuokoa hela huwa ni kubwa kwa sababu bomba la inchi 4 linauzwa la unene mbalimbali. Bonyeza ukingo wake kwa kidole gumba. Likibonyea liache dukani, kwa sababu likishalala chini ya zege linabeba uzito miaka yote. Bomba la choo linahitaji kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea chemba. Likilala usawa, uchafu unakaa, na likishuka kwa kasi sana, maji yanakimbia na kuacha uchafu nyuma. Trapu ya sakafuni nayo usiikwepe. Yale maji yanayobaki ndani yake ndiyo kizuizi cha harufu na mende wa chemba kupanda bafuni. Nimeingia nyumba nzuri, marumaru hadi darini, zikinuka, na chanzo ni trapu ya elfu chache iliyorukwa.

Sakafu ndiyo sehemu niliyoisimamia kwa karibu kuliko zote. Fundi alimimina zege, akalisawazisha kwa ubao, akaweka pimamaji, akasema mteremko upo. Ilipokauka kiasi cha kukanyagika, kabla ya dawa na kabla ya marumaru, nilileta ndoo, nikamwaga maji taratibu kwenye kona ya mbali na trapu. Mama alikuwa ameletewa kiti cha plastiki mlangoni, anaangalia. Maji yalitembea, yakafika karibu na trapu, mengine yakapinda kushoto, yakatulia ubavuni mwa mlango, dimbwi la ukubwa wa sinia.

"Hapo ndipo nitakapoanguka," Mama alisema, akionyesha kwa fimbo yake.

"Hapo patakuwa pakavu, bibi," fundi akamjibu. Wala hakubisha. Alichora duara kwa penseli kuzunguka yale maji, akayakausha kwa gunia, akaongeza tabaka la saruji, akaliburuta kwa ubao kuelekea trapu. Tulirudia kumwaga maji hadi sakafu yote ikawa inajimwaga yenyewe. Mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita unatosha. Mtu hauhisi akitembea, maji yanauona. Ndoo moja na kiasi kidogo cha saruji ndicho kilichotumika kurekebisha. Marumaru zingekuwa zimeshapigwa, dimbwi lile lingebaki pale, na Mama angepita juu yake kila asubuhi.

Dawa ya kuzuia maji ilipakwa mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, ikapandishwa ukutani pia, juu zaidi upande wa kuogea. Kona za sakafu na ukuta zilipewa utepe wa nyavu kwanza, kwa sababu hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Ilipokauka tuliziba trapu kwa kitambaa na mfuko wa nailoni, tukaweka kizingiti cha udongo mlangoni, tukajaza maji ya kina cha vidole viwili, tukayaacha siku nzima na usiku wake. Ukuta wa chumba cha Mama ulibaki mkavu. Ndipo nikamlipa fundi awamu ya sakafu.

Kwenye marumaru hesabu ni nyepesi, lakini ifanye mwenyewe. Sakafu yetu ni 1.8 mara 2.4, yaani mita za mraba 4.32. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 4.75. Boksi la marumaru za sentimita 30 kwa 30 tulilonunua lilikuwa na vipande 17, ambavyo ni mita za mraba 1.53, kwa hiyo boksi nne. Ukutani, mzunguko wa chumba ni mita 8.4. Ukipandisha mita 2.1 kote na kutoa mlango, unapata mita za mraba karibu 16. Marumaru za 25 kwa 40 zilikuja 15 kwenye boksi, mita za mraba 1.5, na ukiongeza asilimia 10 ni boksi 12. Jumla boksi 16, kwa wastani wa shilingi 27,000, sawa na 432,000. Idadi ya vipande hutofautiana kiwanda na kiwanda, kwa hiyo soma boksi, usikubali kuambiwa "boksi moja ni mita moja na nusu" bila kuona.

Tuliwaza kufunika upande wa kuogea tu hadi mita 2.1 na kwingine kuishia mita 1.2. Tungeokoa boksi mbili, na gundi na ufundi wa mita za mraba zaidi ya tatu. Tukaamua kufunika kote, kwa sababu chumba ni kidogo na ndoo hairushi maji upande mmoja. Kwenye bafu kubwa ningeamua tofauti.

Za sakafuni tulichagua za kukwaruza, zisizong'aa. Zinazong'aa zilikuwa bei ileile, na muuzaji alizisifia. Kwa bafu ni hatari, kwa bafu la mzee ni hatari maradufu. Lowesha kipande dukani, kikanyage na kandambili. Nyingi ya zilizopangwa pale zilikuwa za viwanda vya hapa, vya Mkuranga na Chalinze, na siku tuliponunua zilikuwa nafuu kuliko za kutoka nje kwa ubora ambao sikuona sababu ya kuukataa. Nunua zote kwa mkupuo mmoja na linganisha namba ya bechi kwenye kila boksi, kwa sababu rangi ya bechi mbili inaweza kupishana kidogo, na upishano huo unaonekana ukutani. Vipande vilivyobaki viko juu ya kabati la jikoni, vimefungwa kwa gazeti.

Choo kilinifundisha kupima kabla ya kupenda. Vya dukani vina aina mbili kuu: S, kinachotoa uchafu kwa chini, sakafuni, na P, kinachotoa kwa nyuma, ukutani. Bomba letu liko sakafuni, kwa hiyo ni S. Halafu kuna umbali wa tundu kutoka ukutani, na ukuta huo uuhesabu ukiwa umeshavaa lipu na marumaru, maana viwili hivyo pamoja vinakula karibu sentimita 3. Pale dukani, upande wa Gerezani, nilimkuta baba mmoja amerudisha choo kipya kwa sababu hakikukaa, na tayari kilikuwa na mikwaruzo ya saruji. Muuzaji hakukipokea. Mimi nilikwenda na vipimo vimeandikwa kiganjani. Nilitaka pia kimo, kwa ajili ya magoti: kikao cha sentimita 45 kutoka sakafuni kinamsaidia mtu kuinuka kuliko kile cha 38. Na kasha la kuflashi liwe la vitufe viwili, lita 3 na lita 6. Lile la kitufe kimoja la lita 9 lilikuwa rahisi kidogo, lakini sisi tuko watano. Mkiflashi mara 20 kwa siku ni lita 180 kutoka kwenye tanki la lita 1,000, na maji ya mgao hayaji kila siku. Hiyo nayo ni gharama ya bafu, ingawa haiandikwi kwenye karatasi ya fundi.

Kwa sababu hiyohiyo tulikataa shower kubwa ya mvua. Tanki letu liko kwenye stendi, na kila mita moja ya kimo inatoa msukumo wa bari 0.1 tu. Shower pana inayohitaji msukumo mkubwa ingedondosha matone. Tukachukua shower ya umeme ya kawaida, wati 5,500, baada ya kusoma kwenye boksi msukumo wa chini inaohitaji. Kwa volti 230 inavuta ampea karibu 24, kwa hiyo ilipewa waya wake wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa umeme, breka yake peke yake, na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyopimwa. Hapo kaka alilipa bila kuomba kupunguziwa, na ninamshukuru. Waya mwembamba wa taa kwenye shower unachemka ndani ya ukuta, na bila ethi mtu anaoga na umeme. Dakika 10 kwa nguvu kamili zinakula karibu uniti moja ya LUKU, nasi tuliliweka hilo kwenye hesabu za mwezi.

Ila Mama anapenda ndoo na kata. Nilimuuliza mapema, na jibu lake lilibadilisha mpangilio. Tukaweka koki ya chini, sentimita 60 kutoka sakafuni, nafasi ya ndoo, na mahali pa kigoda. Ni koki ya bei ndogo kuliko vyote bafuni, na ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Koki zote tulinunua za shaba. Zipime kwa mkono: ya shaba ni nzito, ile ya madini mepesi iliyopakwa kung'aa inaliwa na maji ya chumvi haraka, inaanza kutoa madoadoa, kisha inakatika ukiifungua.

Mishiko haikupimwa kwa kitabu. Kabla ya marumaru tuliweka kiti mahali choo kitakapokaa, Mama akakaa, akajaribu kuinuka, na kila mkono wake ulipotafuta ukuta nilichora kwa chaki. Alama zikakutana sehemu mbili, moja ubavuni mwa choo, nyingine karibu na kigoda cha kuogea. Tofali za hapo zilijazwa zege ili skrubu zishike, kwa sababu tofali la tundu linatoka na skrubu yake siku mtu mzima akiegemea kwa uzito wote. Mlango mpya unafunguka kwenda nje. Ukifunguka kwenda ndani, mtu akianguka nyuma yake hamuwezi kumfikia.

Kwenye manunuzi nilikwenda mwenyewe na fundi, kwenye vitu vya kuzikwa hasa, yeye akichagua na mimi nikilipa. Cha juu kipo, kila mtu anajua, na fundi asiyelipwa vizuri atakitafuta. Kwa hiyo tulikubaliana ufundi wa haki, 300,000 ya bomba na 8,000 kwa kila mita ya mraba ya marumaru, pamoja na hela ya chakula cha mchana, na yeye akaacha kuleta risiti zake. Maduka makubwa yakikupa bei, uliza kama VAT imo. Kwenye mzigo wa laki kadhaa, kuiona mwishoni ni pigo. Malipo yalifuata kazi iliyokaguliwa: kianzio, kisha bomba zilizopimwa, kisha sakafu iliyokaa na maji, kisha marumaru, na kiasi kidogo kikabaki hadi tulitumie bafu wiki kadhaa. Tuliandika karatasi moja, tukatia sahihi wote wawili, jirani akashuhudia. Fundi mzuri hachukizwi na karatasi, kwa sababu inamlinda yeye pia na mteja anayeongeza kazi bila kuongeza hela.

Ile 400,000 iliyobaki kati ya 3,100,000 na 3,500,000 ilikaa kwa dada, Dodoma. Hilo lilikuwa wazo lake, na lilikuwa zuri sana. Hela ya dharura ikikaa nyumbani inageuka kioo cha bei na kabati la sinki. Nikitaka hata elfu hamsini ilibidi nimpigie na kumweleza, na mara mbili tatu nikiwa katikati ya maelezo nilijiona sina dharura yoyote.

Dharura yenyewe ilikuja. Vibarua walipofukua bomba la choo kuelekea nje, walikuta limepasuka, mizizi ya mwembe imeingia ndani na kujaza kama nywele, na chemba ya tofali imetitia upande mmoja. Maji taka yalikuwa yanaingia ardhini, na hakuna ajuaye tangu lini. Nilipiga picha, nikamtumia dada, nikampigia. Hakuuliza swali la pili. Bomba jipya mpaka kwenye shimo, chemba mpya yenye mfuniko wa zege, na njia iliyohamishwa mbali na mwembe: 340,000. Tungekuwa na zile 1,850,000 za mwanzo, kazi ingesimama hapo, shimo likiwa wazi.

Zilibaki 60,000. Kioo bado hatujanunua, wala kabati la sinki, na pazia la kuogea ni lile la zamani. Vyote hivyo vinaning'inia, vitakuja mchezo ukinizungukia tena. Kitu pekee tulichozika bila kukihitaji leo ni tokeo la bomba na njia ya maji taka kwa ajili ya mashine ya kufulia, ukutani nyuma ya mlango, vikiwa vimezibwa kwa vizibo. Viliongeza shilingi 25,000 kwenye bili ya bomba. Mashine hatuna bado, lakini siku tukiipata, fundi atafungua kizibo na kuunga, na marumaru hazitaguswa.